Nyota ya Burma haikuandikwa jina

Igeuze nishani ya Nyota ya Burma upande wa nyuma: shaba tupu. Mbele ina ncha sita, taji na herufi za Mfalme George wa Sita, ikining'inia kwenye utepe wenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari ya buluu na rangi ya chungwa pembeni. Askari wa Afrika Mashariki aliyeivaa hakuandikwa jina lake popote.

Mmoja wa waliopigana huko Burma katika Vita vya Pili vya Dunia ni Waruhiu Itote, mzaliwa wa Kaheti, Nyeri, mwaka 1922. Alijiunga na King's African Rifles, jeshi ambalo watu wetu waliliita Keya tu, mwaka 1942. Alipitia Ceylon, akafika Burma, akapanda cheo hadi koplo.

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyobeba alama ya kichwa cha kifaru, ilishuka Bonde la Kabaw wakati wa masika. Barabara ziligeuka tope, na malaria iliangusha watu kama risasi za Wajapani. Hata hivyo walisonga mbele hadi mto Chindwin, na mwanzoni mwa Desemba wakautwaa mji wa Kalewa. Mkamba, Mnyasa na Mnandi walielewana kwa Kiswahili cha jeshini.

Itote alikuwa katika uwanja huo wa Kalewa. Katika kitabu chake cha mwaka 1967, Mau Mau General, anasimulia jinsi askari Mwingereza alivyomwuliza yeye Mwafrika anapigania nini. Swali hilo alirudi nalo nyumbani. Huko alikuta kipande, kitambulisho cha Mwafrika, bado kinatakiwa na ardhi bado ni ya masetla. Akafanya kazi ya reli, kisha akaingia msituni na Mau Mau kupigana na ukoloni. Mbinu alizofunzwa na Mwingereza huko Burma ndizo alizowafundisha wapiganaji wa Mlima Kenya, nao wakamjua kama Jenerali China.

Januari 1954 alikamatwa akiwa na majeraha ya risasi, akahukumiwa kunyongwa. Baada ya kukubali kushiriki mazungumzo ya kuwashawishi wenzake wajisalimishe, aliponea kitanzi, akapelekwa gereza la Lokitaung alikokuwa Jomo Kenyatta. Baada ya uhuru alikuwa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Alifariki mwaka 1993.

Kuna jambo linaloniuma. Askari wa Keya waliotumwa kupambana na Mau Mau walipewa nishani ya fedha yenye kibao kilichoandikwa KENYA, na majina yao yakapigwa chapa ukingoni. Waliokwenda Burma walipewa shaba isiyosema ni ya nani.

Kama nyumbani kwenu kuna nyota hiyo sandukuni, andikeni jina la babu kwenye karatasi, na mahali alikopigana, mzifunge pamoja leo.