Mjusi wa Kimboza na Walezi Wake

Katika nyumba zetu, hasa zile za pwani, mjusi kafiri ni mgeni asiyealikwa. Usiku ukiingia hutoka nyuma ya picha au darini, akasimama karibu na taa na kuwinda mbu na nondo. Hakuna amnunuaye, wala amleaye. Pengine hufukuzwa kwa ufagio. Ni ajabu basi kusikia kwamba mjusi wa ukoo wake, atokaye katika msitu mmoja mdogo wa Tanzania, amepata kuuzwa Ulaya kwa fedha nyingi, akawekwa katika sanduku la kioo, akawashiwa taa na kupewa dawa kama mtoto mchanga. Habari za mnyama huyu zafaa kujulikana, kwa sababu mapenzi ya watu wa mbali yalikaribia kumwangamiza.

Msitu wenyewe huitwa Kimboza. Upo katika mkoa wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru upande wa mashariki, umeota juu ya mawe ya chokaa. Eneo lake ni kama kilomita 4 za mraba tu. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kuupita toka ukingo hadi ukingo kabla jua halijawa kali. Mjusi huyu hapatikani penginepo duniani ila humo na katika vipande vichache vya misitu ya jirani. Wala hakai juu ya kila mti. Kao lake ni mkadi, mti wenye majani marefu kama panga, yenye miiba ukingoni. Mkadi wa Kimboza wataalamu huuita Pandanus rabaiensis, kwa kukumbuka Rabai yetu iliyo karibu na Mombasa. Katika vishina vya majani hayo mjusi hujificha, huwinda na kutaga. Dume hulinda mti wake kama mwenye shamba alindavyo mpaka. Rangi yake ni buluu iliyokolea, koo jeusi na tumbo la rangi ya chungwa. Jike na watoto huwa na rangi ya kijani au kahawia.

Jina la mjusi huyu katika elimu lina uhusiano na Nairobi. Mwaka 1914 kijana Mwingereza, Arthur Loveridge, alifika Nairobi kutunza makumbusho, na baadaye akaenda kufanya kazi katika makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani. Huko ndiko alikoandika, mwaka 1952, maelezo ya kwanza ya mjusi wa Kimboza. Akampa jina la williamsi kwa heshima ya John G. Williams, mtaalamu wa ndege aliyehudumu katika Makumbusho ya Coryndon, ambayo sasa ni Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Tangu hapo ikapita miaka yapata 50, na nje ya vitabu vya wataalamu ni wachache waliomjua. Mkadi ulisimama, na mjusi akastarehe juu yake.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa karne hii. Watu wa Ulaya na Marekani wapendao kufuga mijusi nyumbani waliona picha za dume la buluu, wakamtamani. Wafanyabiashara wakatuma watu msituni. Kwa kuwa mjusi hukimbilia ndani ya majani ya juu, yasiyofikika kwa mkono, watekaji waliona njia nyepesi ni kuukata mkadi wenyewe. Kwa hiyo mjusi mmoja alipochukuliwa, wengine walipotezewa makao. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kikundi kimoja tu cha watekaji kilichukua mijusi zaidi ya 32,000, na huenda walifika 42,000. Serikali ya Tanzania haikutoa kibali cha kumsafirisha. Walipelekwa nje kwa majina ya mijusi wengine. Mwenye kupanda mtini alipata sehemu ndogo mno ya bei aliyolipa mnunuzi wa mwisho.

Sasa tutazame upande wa mnunuzi, kwa maana hakuwa mtu mbaya. Mara nyingi alimpenda mnyama wake kwa moyo mweupe. Lakini mnyama aliyetekwa porini hufika kwake amechoka, ana kiu, na pengine ana minyoo tumboni. Wafugaji wenye subira wakaanza kujiuliza: je, haiwezekani mijusi hawa wakazaa humu humu nyumbani? Ikawezekana. Jike hutaga yai moja au mawili, akayagandisha juu ya jani au ukuta wa kioo, na mlezi mwenye busara hayabandui, kwa kuwa huvunjika upesi. Baada ya miezi miwili na zaidi, kwa kadiri ya joto, hutoka mtoto asiyezidi sentimita 3, mkia pamoja.

Hapo ndipo waliposadiki maneno ya wazee, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Jambo la kwanza lililowapasa ni kumtenga mtoto na wakubwa, kwani waweza kumla. Nyumba yake iwe ndogo, ili chakula kisimpotee, nayo ifungwe barabara, kwa sababu hupenya katika upenyo mwembamba mno. Chakula chake ni inzi wadogo wa matunda na vinyenje vilivyoanguliwa karibuni, tena wawe hai. Mdudu mkubwa humtisha badala ya kumshibisha. Maji hayamfai katika bakuli, maana amezoea kulamba matone juu ya majani. Hunyunyiziwa asubuhi na jioni.

Lililowasumbua zaidi lilikuwa la mifupa. Porini mtoto wa mjusi huota jua, na mwili wake hutengeneza vitamini D, ambayo humwezesha kutumia madini ya chokaa yaliyomo katika chakula. Ndani ya chumba jua hilo halimfikii, kwa kuwa kioo huzuia miale yenye kazi hiyo. Mtoto hushiba, lakini mifupa hulegea, taya huwa laini, miguu hupinda kama ya mtoto mwenye matege, na mwisho hufa. Ndiyo maana walezi hutumia taa maalumu itoayo miale kama ya jua, na wadudu hunyunyiziwa unga wa kalsiamu kabla ya kuliwa. Wala mtoto hashikwi ovyo mkononi: akiogopa huuachilia mkia wake, na hata ukiota tena haurudi kuwa kama ule wa kwanza.

Kwa ujuzi huo mijusi waliozaliwa nyumbani wakaongezeka, na hoja ya kuukata mkadi ikapoteza nguvu. Sheria nazo zikafuata. Mwaka 2012 mjusi huyu alitangazwa kuwa hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori walio hai, na mwaka huo huo, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg, iliungana na nchi za Ulaya kuomba mjusi huyu alindwe. Ombi likakubaliwa, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mijusi waliotekwa Kimboza imekatazwa.

Je, tuseme basi kwamba mlezi wa Ulaya amemwokoa mjusi wa Kimboza? Mimi sidhani. Mjusi aliyezaliwa katika kioo hajui mkadi, na hata wakizaliwa elfu kumi huko Ulaya, hawaongezi mti mmoja Morogoro. Msitu wenyewe bado una maadui: moto, shoka, na mti wa kigeni uitwao Cedrela odorata, uliopandwa humo zamani na sasa wasonga miti ya asili. Ujuzi wa kulea ulikuja baada ya uharibifu, na uharibifu ulitangulia kwa sababu watu walinunua kwanza, wakajifunza baadaye. Kama wangalijifunza kwanza, mikadi mingi ingalisimama hata leo.

Kwa hiyo mtu yeyote anayewiwa na hamu ya kuweka mnyama nyumbani, mahali popote alipo, yampasa kuuliza maswali mawili kabla hajatoa fedha yake. La kwanza, nitamlisha nini na kumlindaje? La pili, ametoka wapi, na ni nini kilichokatwa ili anifikie? Wengi huliuliza lile la kwanza, nao huwa walezi hodari. Mjusi wa Kimboza aliumizwa na watu waliolisahau la pili.