Hiari ya Wakuu na Njaa ya Wadogo: Usambara Baada ya Kimweri

Mara nyingi twafundisha habari za hiari ya mwanadamu kana kwamba ni jambo la Wittenberg peke yake. Mwaka 1524 Erasmus aliandika kuitetea hiari. Mwaka uliofuata Luther alimjibu kwamba mbele za Mungu hiari hiyo imefungwa. Wanafunzi huyakariri hayo kwa ajili ya mtihani. Milima ya Usambara, hata hivyo, inayo historia yake inayolipa swali hilo uzito.

Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa ukoo wa Wakilindi, alitawala kutoka Vuga hadi alipofariki yapata mwaka 1862. Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848, na tena mwaka 1852. Baada ya kifo chake mjukuu wake Shekulwavu alishika utawala huko Vuga. Lakini Semboja, mmoja wa wana wa marehemu, alikaa Mazinde, chini ya milima, mahali misafara ya pwani ilipopita, naye huko alijipatia bunduki na baruti. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alimfukuza Shekulwavu, mwana wa nduguye. Wabondei nao wakawaasi Wakilindi, uasi uitwao Kiva. Bunduki zilihitaji malipo, na mateka walikuwa na bei. Hivyo watu wa milimani waliuzwa pwani. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy ameyasimulia mambo hayo kwa Kiswahili safi katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho tungependa kukiona mikononi mwa wanafunzi wengi zaidi.

Wasambaa walikuwa na maneno yao ya kuyapima hayo. Mtawala aliweza kuiponya nchi, kuzifya shi, au kuidhuru, kubana shi. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990, ameeleza kwamba kwao mkuu mmoja akiwashinda wenzake kabisa, mvua hunyesha; bali wakuu wakishindana nguvu kwa nguvu, mvua huzuiliwa na njaa huingia. Hatukubali kwamba mfalme ameshika mvua mkononi. Lakini tusiharakishe kuliita jambo lote ushirikina, kwa maana mtu anayeogopa kutekwa njiani halimi shamba la mbali. Tena, na hili ndilo tunaloliona kuwa kubwa, Wasambaa hawakumlaumu mwenye njaa kwa njaa yake. Walitazama juu, kwa wale waliochagua.

Hapo Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linatusaidia kuliko tunavyodhani. Sehemu yake ya 18 yakiri kwamba katika mambo ya nje, yale yanayofikiwa na akili, mtu anao uhuru kiasi wa kuchagua. Asichoweza bila Roho Mtakatifu ni kujipatia haki mbele za Mungu. Basi Semboja hawezi kujificha nyuma ya Luther. Kununua baruti na kuuza watu ni mambo ya nje. Wala walionunua watu hao hawawezi kujificha nyuma ya Semboja, kwa kuwa soko la pwani nalo lilikuwa na wachaguzi wake.

Ugumu uko kwenye hukumu. Semboja hakuuzwa, alikufa mwaka 1895, akiwa bado mtu mkuu. Mwaka uliofuata wamisionari Wajerumani walifungua huko Lutindi makao ya watoto waliookolewa utumwani. Watoto hao hawakuchagua lolote. Mhubiri atakayesema kwamba shida ya nchi ni hukumu ya Mungu juu ya wanaoipata, na awatazame hao kwanza, kisha asome Ezekieli 18 na habari za mnara wa Siloamu katika Luka 13. Matokeo ya tendo huwaangukia walio karibu, na mara nyingi walio dhaifu. Kuyaita matokeo hayo hukumu bila kuuliza nani alitenda ni kumwondolea mtendaji deni lake na kumtwika mtoto.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Lutindi ilianza kupokea wagonjwa wa akili, na hospitali ikakua hapo. Jamaa wanaoleta wagonjwa wa namna hiyo huulizwa na majirani, na pengine na mchungaji, ni kosa gani lililotendwa nyumbani.