Mechi ya nyumbani kuchezwa ugenini: Barcelona, Milan na somo la Maniema Union

Mwaka 2025, ligi mbili kubwa za Ulaya zilitaka kuhamisha mechi za shampiona na kuzipeleka bara lingine. Villarreal na FC Barcelona za Hispania zilipangiwa kukutana Miami, Marekani. AC Milan na Como za Italia zilipangiwa kukutana Perth, Australia. Mechi zote mbili zilifutwa mbele ya siku yake kufika. Lakini swali limebaki: je, ekipi ya Ulaya inaweza kuchukua mechi ya ligi, yenye pointi, na kwenda kuichezea katika inchi nyingine?

Kwa wakaaji wa Lusangi, Kasongo na Kabambare, jambo hili haliko mbali sawa vile linaonekana. Kwanza, Barcelona na Milan ni ekipi ambazo serikali ya Kongo ilipatana nazo mwaka ule ule wa 2025, ili zitangaze jina la inchi. Pili, ekipi kubwa ya jimbo, AS Maniema Union ya Kindu, inajua tayari maana ya kucheza "nyumbani" huku nyumbani kuko mbali.

Miami na Perth: ilikuwa namna gani?

Katika mechi ya Miami, mwenye nyumba alikuwa Villarreal. Hii ni ekipi ya mji mdogo wa watu 50.000 hivi, mashariki ya Hispania, na kiwanja chake kinaingiza watu 23.000 hivi. Mechi iliwekwa tarehe 20 desemba 2025, zaidi ya kilometa 7.000 kutoka kiwanja hicho. Viongozi wa Villarreal waliahidi kulipia safari washabiki wenye tiketi za mwaka muzima.

Tarehe 6 oktoba 2025, UEFA, shirika la kabumbu la Ulaya, ilitoa ruhusa kwa mechi zote mbili. Ilisema wazi kwamba inakubali kwa shingo upande, sababu sheria za FIFA hazikuwa na nguvu ya kutosha kuzuia.

Wachezaji wa Hispania hawakufurahi, wakisema hakuna aliyewauliza. Kuanzia tarehe 17 oktoba, kila mechi ya ligi ilipoanza, walisimama sekunde 15 bila kugusa mpira. Katika mechi ya kwanza, Oviedo na Espanyol, televisheni ilionyesha picha ya nje ya kiwanja wakati ule, na watu nyumbani hawakuona kitu. Tarehe 21 oktoba, kampuni iliyokuwa inatayarisha mechi ya Miami iliacha mpango.

Mechi ya Perth ilikuwa na sababu tofauti kidogo. Kiwanja cha San Siro, nyumba ya Milan, kilihitajika kwa sherehe ya kufungua Michezo ya Olimpiki ya baridi, tarehe 6 februari 2026. Milan ilipaswa kutafuta pahali pengine. Lakini mji wa Como uko kilometa 50 hivi tu kutoka Milan, na Perth iko zaidi ya kilometa 13.000. Adrien Rabiot, mchezaji wa Milan, alisema wazi kwamba ni wazimu. Tarehe 22 desemba 2025, mpango huo nao ulikufa, kiisha mivutano ya feza na ya ruhusa.

Wanaokubali wanasema nini?

Sababu ya kwanza ni feza. Ligi ya Uingereza inauza mechi zake kwenye televisheni za dunia kwa bei ambayo Hispania na Italia hawafikii. Viongozi wa ligi hizo mbili wanafikiri kwamba wakicheza Marekani ao Australia, watapata washabiki wapya na wafazili wapya.

Sababu ya pili inagusa watu wa hapa zaidi. Mtu wa Kabambare anayetoa franga zake kuingia nyumba ya video, akingoja jenereta iwake, anaijua Barcelona jina kwa jina. Juu ya nini mechi iwe siku zote ya wale tu waliozaliwa karibu na kiwanja? Kama ekipi inauza jezi dunia nzima, wanaosema hivi wanaona ni haki dunia nzima nayo ipate siku moja ya kuiona kwa macho.

Sababu ya tatu ni mfano wa Marekani. Mchezo wao wa mpira wa mikono na kofia ngumu unapeleka mechi za ligi London tangu 2007. Lakini mfano huu una shimo: kule kila ekipi inacheza mechi 17 tu katika msimu, na haikutani na ekipi zote. Kuhamisha mechi moja hakuvunji hesabu. Katika kabumbu hesabu ni nyingine.

Wanaokataa wanasema nini?

Ligi ya Hispania na ya Italia kila moja ina ekipi 20. Kila ekipi inacheza mechi 38: 19 nyumbani na 19 ugenini. Ndiyo mapatano ya shampiona: wewe ukuje kwangu, na mimi nikuje kwako. Barcelona ingekutana na Villarreal Miami, haingeingia kamwe katika kiwanja kigumu cha Villarreal msimu ule, wakati ekipi nyingine 18 zote zingeingia. Real Madrid ililalamika juu ya neno hilo.

Jambo la pili ni mwenye tiketi. Mshabiki wa Villarreal anatoa feza mwanzo wa msimu ili aone mechi 19. Mechi dhidi ya Barcelona ndiyo anaingoja kuliko zote. Mji mdogo unapata siku hiyo mara moja kwa mwaka: hoteli, wauzaji wa chakula, watoto wanaobebwa na baba zao. Hata tiketi ya ndege ya bure haiwezi kumfikisha Miami mzee mwenye miaka 80 ao mtu anayefanya kazi jumatatu asubuhi.

Jambo la tatu ni inchi inayopokea. Hata sasa, siku ya mechi kubwa ya Ulaya, kiwanja cha mtaa kinaweza kubaki bila watu, kwa sababu wote wako mbele ya televisheni. Kama mechi zenye pointi zinaanza kuja na miguu yao, ligi za inchi zinazopokea zinaweza kupungukiwa zaidi.

Je, ni jambo jipya?

Kwa mechi za ligi, ndiyo. Mwaka 2008 Ligi Kuu ya Uingereza ilitoa wazo la kuongeza mechi ya 39 ya kuchezwa ngambo, na ilikataliwa haraka. Hispania ilitaka kupeleka Girona na Barcelona huko Miami kwa januari 2019, nayo ikashindwa.

Lakini kwa vikombe, njia ilifunguka zamani. Kikombe kikuu cha Italia kilichezewa Washington mwaka 1993 na Tripoli, Libya, mwaka 2002. Kile cha Ufaransa kilifika Tunis mwaka 2010, Tangier mwaka 2011, na mwaka 2013 kilifika Libreville, Gabon, pale PSG iliposhinda Bordeaux 2-1. Kile cha Hispania kilienda Tangier mwaka 2018, na kuanzia 2020 karibu kila mara kinachezewa Saudi Arabia.

Kuna pia mechi za kirafiki. Ngambo ya Tanganyika, huko Dar es Salaam, Everton ilicheza na Gor Mahia ya Kenya mwezi wa julai 2017, na Wayne Rooney alifunga goli. Mwezi wa mei 2019 Sevilla ilishinda Simba 5-4 katika mji ule ule. Hakuna mwenye tiketi wa Ulaya aliyenyanganywa kitu siku hizo, na watu wa Dar es Salaam waliona kabumbu kubwa.

Kindu: mwenye nyumba asiye nyumbani

Msimu wa 2024-2025, AS Maniema Union ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Iliwekwa pamoja na Mamelodi Sundowns ya Afrika ya Kusini, na Raja Casablanca na AS FAR za Maroko. Tarehe 26 novemba 2024 ilitoka sare 0-0 na Sundowns huko Pretoria. Kwa ekipi ya jimbo lisilo na barabara nzuri, ilikuwa sifa kubwa.

Lakini ilipofika zamu ya kupokea, Sundowns hawakuonekana Kindu. Maniema Union ilipokea wageni wake Stade des Martyrs, Kinshasa, zaidi ya kilometa 1.000 kutoka nyumbani. Sababu ni sheria za CAF: kiwanja kinapaswa kuwa na taa za kutosha, viti, vyumba vya wachezaji, pahali pa waandishi wa habari, na karibu yake hoteli, hospitali na uwanja wa ndege unaokubalika. Kiwanja kisichopita kipimo hicho hakipokei mechi kubwa.

Mshabiki wa Kasongo anayetaka kuona mechi ya Kindu anapaswa kwanza kupita zaidi ya kilometa 200 za barabara mbaya, mara nyingi juu ya pikipiki. Kufika Kinshasa kunaomba ndege. Kwa hiyo mechi kubwa kuliko zote katika historia ya ekipi, wengi wa jimbo waliisikia kwa redio tu. Ni kweli, wana Maniema wanaokaa Kinshasa waliingia kiwanjani na walifurahi. Lakini muuzaji wa maji, mwenye hoteli na mwenye pikipiki wa Kindu hawakupata hata franga moja ya siku ile.

Maniema haiko peke yake. Mwezi wa juni 2024, Kenya ilipokea Burundi na Côte d'Ivoire huko Lilongwe, Malawi, sababu haikuwa na kiwanja kilichokubaliwa. Shakhtar Donetsk ya Ukraine haijacheza kwake tangu 2014 kwa sababu ya vita. Na wakaaji wa Goma na Bukavu, miji iliyochukuliwa na M23 mwanzo wa 2025, wanajua vizuri kwamba vita inafunga kiwanja mbele ya kufunga mengine mengi.

Hapo ndipo tofauti inaonekana. Maniema Union, Kenya na Shakhtar walihamishwa na upungufu ao na vita, hakuna aliyechagua. Villarreal na Milan wana mashabiki wao karibu, na wale waliouza safari walikuwa wanatafuta faida tu. Wanaosema kwamba mechi moja ugenini si kitu, wangeuliza kwanza washabiki wa Kindu.

Feza ya Kongo kwenye jezi

Mwaka 2025, serikali ya Kongo ilipatana na AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona ili watangaze inchi kama "Moyo wa Afrika". Mapatano na Barcelona ni ya miaka minne. Jina la Kongo linaonekana mgongoni mwa jezi za mazoezi, na kuna ahadi za maonyesho ya utamaduni na mafunzo ya vijana. Magazeti ya Ulaya yaliandika kwamba bei inapita milioni 40 za euro. Rwanda ilitangulia kwa njia hiyo na Arsenal tangu 2018, kiisha PSG na Bayern Munich.

Wanaounga mkono wanasema jina la inchi linapaswa kusikika kwa kitu kingine kuliko vita. Wanakumbusha tarehe 30 oktoba 1974, Muhammad Ali alipopigana na George Foreman Kinshasa: serikali ya wakati ule ilitoa feza nyingi, lakini dunia ilikuja hapa. Wanaokataa wanauliza feza ile ingejenga viwanja vingapi, na kama Kindu isingepata taa na viti.

Neno moja ni wazi: kama Ulaya itaruhusu mechi za ligi ngambo, hazitafuata walipo washabiki wengi wanaoteseka kuziona. Zitafuata feza. Miji iliyotajwa mpaka sasa ni Miami na Perth kwa ligi, na kwa vikombe, kati ya mingine, ni Jeddah, Riyadh na Doha. Mshabiki wa Lusangi ataendelea kuangalia kwenye kioo kile kile, na saa labda itakuwa mbaya zaidi.

Ruhusa inatoka kwa nani?

Mechi ya ligi ili ichezwe inchi nyingine, inaomba ukubali wa shirika la kabumbu la inchi ya ekipi, la inchi inayopokea, na la bara la kila moja. FIFA nayo inapaswa kutoa ruhusa. Mwaka 2018 FIFA ilisema mechi za ligi zibaki kwenye inchi yake. Mwaka 2024, kiisha mashitaki huko Marekani, ilianzisha kundi la kuchunguza upya sheria hiyo. UEFA nayo inaomba sheria iandikwe wazi, ili ruhusa ya 2025 isiwe mlango wa kupitia wengine.

Kwa watu wa Maniema kuna mambo mawili ya kufuata. La kwanza ni sheria hiyo ya FIFA. La pili ni kila orodha ya viwanja inayotolewa na CAF mbele ya msimu: kama Kindu inaingia ndani, ao kama mechi kubwa ya jimbo itaendelea kusikika kwa redio tu.