Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ni mpango wa serikali ya Tanzania, Bara na Zanzibar, unaozipatia kaya maskini ruzuku ya fedha. Unaendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanzishwa mwaka 2000. Mpango wenyewe ulizinduliwa mwaka 2012, na kipindi chake cha pili mwaka 2020.

Utambuzi wa walengwa

Kaya haijazi fomu ya maombi ofisini. Wakazi wa kijiji, mtaa au shehia hukutana katika mkutano wa hadhara, wakakubaliana vigezo vya umaskini uliokithiri, kama vile kukosa mlo wa uhakika au makazi ya kudumu. Kaya zilizotajwa hutembelewa na kujaziwa dodoso: idadi ya watu, aina ya paa na sakafu, chanzo cha maji, mifugo. Majibu huchambuliwa kwa kompyuta, kisha majina hurudishwa mkutanoni yathibitishwe.

Utaratibu huu unampa jirani sauti, lakini asiyehudhuria mkutano, hasa mzee anayeishi peke yake au mgonjwa, anaweza kusahaulika. Ndiyo maana ni muhimu ndugu na majirani wamsemee.

Malipo na masharti

Ruzuku hupangwa kulipwa kila baada ya miezi miwili. Sehemu yake hutegemea watoto wadogo kupelekwa kliniki na wanafunzi kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Wenye uwezo wa kufanya kazi hupewa pia ajira za muda, kama kuchimba malambo na kutengeneza barabara.