Makumbi chini ya asmini

Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Baada yake minazi ilizidi kupandwa, na makumbi yakazidi. Wanawake wa pwani waliyafukia ufukweni hadi yalainike, wakayaponda, wakasokota kamba za usumba wakauza. Bibi yangu alibakiza machache kwa ajili ya asmini yake. Aliyalaza kifudifudi, jua lisikaushe udongo wetu mwepesi wa mawe, akaacha nafasi kidogo ili shina lisioze.

Sisi leo tunayachoma, kisha tunalalamika maua yanakauka na maji ya mfereji hayatoshi. Dada, kabla hujawasha moto, tandaza. Kikuba cha biharusi huanzia hapo.