Jungle Cruise: boti ya Marekani, asili Kigoma

Leo tuachane kidogo na UE, tuongelee boti.

Pale Disneyland, California, kuna mchezo unaitwa Jungle Cruise. Unapanda boti, unazungushwa "mtoni" katikati ya msitu. Ulikuwepo tangu siku ya ufunguzi, 17 Julai 1955. Sasa jamani, ukifuatilia asili yake unatokea Kigoma!

Twende taratibu. Liemba wengi mnaijua. Mjerumani aliiunda kwao Papenburg mwaka 1913, akaifungua vipande vipande, ikaja kwa masanduku mpaka Dar, halafu treni mpaka Kigoma. 1915 ikaingia majini kwa jina la Graf von Götzen. 1916 Mjerumani akazidiwa, akaizamisha mwenyewe, ila kwanza akapaka mashine grisi (mjanja huyo!). Mwingereza akaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kama Liemba.

Vita ile ya ziwani ndiyo iliyompa Mwingereza C. S. Forester wazo la riwaya yake, The African Queen, 1935. Mwaka 1951 ikatoka filamu, iliyorekodiwa Kongo na Uganda, staa akiwa Humphrey Bogart. Harper Goff, mchoraji wa Walt Disney, akaichukua boti ya kwenye filamu kama mfano wa zile za Jungle Cruise.

Mto wenyewe ni wa kuchimbwa. Boti inafuata reli iliyofichwa chini, na maji yametiwa rangi ili usiione. Disney alitaka wanyama wa kweli, akaambiwa mchana watalala tu au watajificha, basi wakatengenezwa wa mashine. Mwanzoni nahodha alikuwa anaelezea kwa uzito kama filamu ya wanyamapori. Miaka ya 1960 akaja Marc Davis na vichekesho vyake.

Hapo ndipo penye neno. Mwafrika kwenye mto ule alikuwa nani? Mpagazi aliyekwea nguzo pamoja na bosi wake mzungu, wamekimbizwa na kifaru. Au mtu wa mkuki anayeshambulia boti. Basi! Nahodha, fundi, mama na mzigo wake wa dagaa, hao hawamo. Na wakati watalii wanacheka kule, Liemba ilikuwa inabeba watu wa aina hiyohiyo, Kigoma mpaka Mpulungu.

Mwaka 2021 Disney wakayaondoa maonyesho yale, wakakiri kwamba yaliwadhalilisha watu. Tangu 1955 hiyo ni miaka 66. Watoto wangapi walipita pale, wakashuka kwenye boti wakiamini wameiona Afrika?

Kusema kweli mimi sina ugomvi na vifaru vya mashine, kucheka ni afya. Ila hadithi ilitoka kwenye ziwa letu, na watu wa ziwa wakaachwa ufukweni. Nani ataandika riwaya ya Liemba yenye abiria wake ndani? Watu wa fasihi mpo? Tupieni maoni.