Mpelelezi Asiyetiliwa Maanani: Chimbuko la Riwaya Tulivu za Mauaji

Riwaya ya upelelezi ilianza na shujaa asiye wa kawaida. C. Auguste Dupin wa Edgar Allan Poe, aliyetokea mwaka 1841, na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, aliyemfuata mwaka 1887, walikuwa watu wenye akili nyingi na tabia za ajabu, ambao msomaji aliwastaajabia kwa mbali bila kudhani kwamba naye angeweza kuyafanya waliyoyafanya. Pembeni mwa nasaba hiyo lilichipuka tawi jingine, ambalo hapa litaitwa riwaya tulivu, yaani hadithi ambayo ndani yake mtu huuawa lakini damu na mateso havianikwi mbele ya msomaji, tukio hutokea katika jamii ndogo ya watu wanaojuana, na anayelifumbua fumbo si askari wala mtaalamu, bali ni ajuza, kasisi, muuguzi mstaafu au mwenye duka. Mara nyingi hudaiwa kwamba wasomaji huwapenda wahusika hao kwa sababu wanaliwaza. Dai hilo lina ukweli wake, ila linaliruka jambo kubwa zaidi, nalo ni kwamba katika riwaya hizi unyonge wa mpelelezi ndio zana yake ya kazi.

Zana hiyo ilijaribiwa mapema. Mwaka 1897 mwandishi wa Marekani, Anna Katharine Green, alimtoa Amelia Butterworth, mwanamke wa makamo wa New York asiyeolewa, ambaye uchunguzi wake unaanza kwa kuchungulia dirishani usiku kuona nani anaingia nyumba ya jirani. Mwaka 1910 G. K. Chesterton akamtoa Padri Brown, mfupi, mnene, asiyeachana na mwavuli wake, anayewafahamu wahalifu kwa sababu ameketi miaka mingi katika kiti cha kitubio akisikiliza dhambi za watu. Wote wawili hudharauliwa na wale wanaowachunguza, na dharau hiyo huwafungulia milango.

Hata hivyo, ni Uingereza ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza iliyoufanya mtindo huu kuwa desturi. Sensa ya mwaka 1921 ilionesha kwamba katika England na Wales wanawake waliwazidi wanaume kwa zaidi ya milioni moja na nusu, na magazeti yakazoea kuwataja wasioolewa kana kwamba walikuwa bidhaa iliyobaki dukani. Dorothy L. Sayers aliijibu kejeli hiyo mwaka 1927, katika riwaya ambayo mpelelezi wake wa kikabaila, Lord Peter Wimsey, anamwajiri Bibi Climpson, mwanamke wa makamo ambaye hajaolewa, na kumtuma akaulize maswali mahali ambapo polisi wangezua mashaka. Hoja ya Wimsey ni kwamba taifa linapoteza bure hazina ya udadisi kwa kuwaacha wanawake kama hao wakae bila kazi. Wasomaji nao walikuwa tayari. Kampuni ya maduka ya dawa ya Boots iliazimisha vitabu kwa ada katika matawi yake, na mwaka 1935, Penguin ilipoanza kuuza vitabu vya jalada la karatasi kwa peni sita, miongoni mwa kumi vya kwanza vilikuwamo vya Sayers na Agatha Christie.

Christie ndiye aliyeukamilisha mfano. Katika riwaya yake ya mwaka 1926 kuhusu kifo cha Roger Ackroyd alikwisha kumchora Caroline, dada wa daktari wa kijiji, anayepata habari zote bila kutoka nyumbani, kwa njia ya watumishi na wachuuzi wanaopita mlangoni. Baadaye alikiri kwamba huyo ndiye mbegu ya Jane Marple, ajuza wa kijijini ambaye ndiye mpelelezi wake. Marple mwenyewe alitokea jaridani mwezi Desemba 1927, na riwaya yake ya kwanza, yenye mauaji katika nyumba ya kasisi, ikachapishwa mwaka 1930.

Hadithi hiyo ya 1927 yastahili kuangaliwa kwa karibu. Watu sita wameketi sebuleni kwa Marple, wakiwamo mpwa wake mwandishi, mwanasheria, mchungaji, msanii na mkuu mstaafu wa polisi wa London, huku mwenye nyumba akifuma sufu pembeni. Inasimuliwa habari ya mke aliyekufa kwa sumu baada ya mlo wa usiku, na ushahidi pekee wa maandishi ni alama zilizobaki kwenye karatasi ya kukaushia wino ya mumewe, zenye kutaja kifo cha mke na "mamia na maelfu". Wasomi wote wanawaza fedha za urithi. Marple anawaza jikoni, kwa kuwa jina hilohilo huitwa zile chembe ndogo za sukari za rangi ambazo Waingereza hunyunyiza juu ya vitindamlo, na anauliza nani alikula kitindamlo usiku ule na nani aliziondoa chembe zake. Mkuu wa polisi, pamoja na cheo chake chote, hakuwa na ujuzi uliohitajika, kwa sababu ulikuwa ujuzi wa mpishi.

Mwaka 1944 Raymond Chandler, bingwa wa riwaya za kihalifu za mitaa ya California, alizishambulia hadithi za aina hii kuwa za bandia, zenye mauaji yasiyofanana na mauaji ya kweli. Shutuma hiyo ina uzito kwa vitabu hafifu vya kundi hilo, navyo ni vingi, lakini haimpati Christie sawasawa, kwani wauaji wake huua kwa ajili ya wosia, nyumba, ndoa na hofu ya aibu, mambo ambayo hayana ubandia wowote. Wala kijiji chake si pepo iliyoganda. Katika riwaya yake ya mwaka 1950, ambamo mauaji yanatangazwa kwanza katika gazeti la mtaa, Marple analalamika kwamba zamani kila mgeni alifika na barua ya mtu anayemjua, ilhali baada ya Vita Kuu ya Pili jirani ni mtu mwenye kitabu cha mgao na kitambulisho tu, asiyejulikana alikotoka. Na fumbo lote limejengwa juu ya pengo hilo.

Katika Kiswahili mkondo ulikuwa mwingine. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye *Mzimu wa Watu wa Kale* yake ilichapishwa mwaka 1960, alimjenga Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, juu ya kielelezo cha Holmes, ingawa mambo anayoyachunguza, ya koo, mirathi na siri za nyumbani, yangemfaa Marple bila kupunguzwa. Barani Afrika mrithi wa wazi zaidi wa ajuza wa Christie alikuja mwaka 1998, wakati Alexander McCall Smith, aliyezaliwa Bulawayo, alipomtoa Mma Ramotswe wa Gaborone, mwanamke mnene na mpole anayeuza ng'ombe aliorithi kwa baba yake ili afungue ofisi ya upelelezi, na ambaye kesi zake nyingi hazina maiti hata moja.

Wakati huo Marekani ilikuwa imekwisha kuupa mtindo huu taasisi zake: tangu mwaka 1989 tuzo ziitwazo kwa jina la Agatha hutolewa kwa kazi za mkondo huu, na maduka ya vitabu yakajaa wapelelezi waokaji mikate, watunza maktaba na wafuga paka, wengine wakiwa na kazi ya kupendeza kuliko akili. Nchini Uingereza, mwandishi Richard Osman alipata wasomaji wengi mno mwaka 2020 kwa kundi la wastaafu wanne wa Kent, lakini mmoja wao, Elizabeth, alikuwa jasusi, jambo linalomrudisha kwa siri yule shujaa asiye wa kawaida. Mrithi halali katika kundi hilo ni Joyce, muuguzi wa zamani, anayeandika shajara, anayeoka keki, na ambaye watu humweleza mambo kwa sababu hawaoni hatari yoyote ya kufanya hivyo.